Springi za Lori la Mtakatifu Isidro

Nyumbani kwa Doña Petra Quintana kulikuwa na Mtakatifu Isidro mdogo wa mti, kimo chake hakizidi chupa ya siki, na mtakatifu huyo alikuwa amegeuziwa uso ukutani. Mgeni akiuliza kulikoni, Doña Petra alimjibu bila kupepesa macho, "Yuko kwenye adhabu." Kisha akammiminia kahawa, na mwenye akili zake hakuuliza tena.

Aliyechoka na adhabu hiyo ni binti yake, Eremita, ambaye kijiji kizima cha La Cuestecita kinamwita Mita. Kila Jumamosi alipangusa vumbi kwenye kisogo cha mtakatifu, na kila Jumamosi alisema, "Mama, si basi tena?" Mama yake, miaka tisini na moja, masikio mazima na ulimi mzima zaidi, alimjibu vilevile siku zote. "Atageuka siku atakayokuja kuniona. Anajua ninapokaa."

Usimcheke Doña Petra kabla hujasikia kesi yake. Kila Mei, sikukuu ya Mtakatifu Isidro, mlinzi wa wakulima, ikifika, sanamu kubwa hutolewa kanisani na kuzungushwa mashambani ili padri abariki mbegu, miti na maji ya mfereji. Kwa miaka mingi mtakatifu alipanda lori la Eliseo, mume wa Doña Petra, Chevrolet la mwaka hamsini na moja lenye uso wa babu aliyeshiba. Mwaka mmoja wa ukame Eliseo alipiga magoti akaweka nadhiri: mvua ikinyesha, mtakatifu hatakosa lori maadamu hili lingali hai. Ikanyesha. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpakia kwingine, mpaka majira ya baridi ambayo springi ya nyuma ya lori ilikatika chini ya mzigo wa kuni, na Eliseo mwenyewe akafuata kabla theluji haijayeyuka. Lori likasukumwa kwenye banda la matufaha, kuku wakahamia ndani.

Mtakatifu akahamia kwa Onofre Tafoya. Huyu naye alikuwa na Chevrolet la mwaka uleule, ila hayo mawili yalifanana kama shemasi na mcheza densi. Lori la Onofre lilikuwa la zambarau, limepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka unajiona meno, nyuma limetandikwa mahameli nyekundu, na lilikuwa limelazwa chini, kiasi kwamba paka hapiti bila kuinama. Ndivyo tunavyoyapenda sisi wa bonde hili. Lori likiwa juu tunasema limeona nyoka. Lori la heshima huburura tumbo, huenda taratibu, na mwenyewe hulaza kiwiko dirishani.

Lakini kufika kwa Doña Petra ni lazima uvuke mfereji, na daraja la mfereji lina nundu. Mwaka wa kwanza lori la Onofre lilikalia nundu ile kama kobe aliyewekwa juu ya tofali, magurudumu yote yakielea, mtakatifu juu akitazama mbingu. Lilivutwa na trekta, bomba la moshi likabaki darajani. Kuanzia hapo msafara ukawa unafika darajani na kugeuza, na padri anarusha maji ya baraka kutoka ng'ambo kuelekea miti ya Doña Petra. Bibi alikuwa ameketi kibarazani na gauni lake jipya. Aliyaona matone yakitua kwenye majani ya mfereji.

"Nimerushiwa baraka kama kuku anavyorushiwa mahindi," alisema, akaingia ndani akamgeuza mtakatifu wake mdogo. Hiyo ni miaka saba sasa.

Usiseme kulikuwa na njia rahisi. Zote zilijaribiwa. Mpwa mmoja alijitolea lori lake jipya lililo juu kama ngazi. Doña Petra akasema cha kuazima hakisitiri matako, mtakatifu aje kwa lori la Eliseo au akae hukohuko. Kumshusha na kumvusha kwa mikono pia hapana, kwa sababu desturi yetu ni kwamba mtakatifu akishapanda hashuki mpaka arudi mlangoni pa kanisa. Aliyembeba kambeba njia nzima. Na kumpeleka Doña Petra upande wa pili kwa gari dogo? Jaribu wewe.

Basi Mita, alipostaafu, akaamua kulifufua lori la baba yake. Hakumwambia mtu sababu, lakini mimi nakuambia: alimwona mama yake anavyoshika ukuta akitembea, na alijua sikukuu za Isidro zilizobaki kwa bibi yule si nyingi. Hakutaka mama yake afe akiwa amemnunia mtakatifu. Hilo lilimnyima usingizi kuliko jambo lolote.

Kazi ya Mita ilikuwa udereva wa basi la shule. Nusu ya kijiji walikulia mgongoni kwake, na mpaka leo watu wazima wenye mvi wakimwona wanaketi vizuri. Alikuwa na sheria moja tu. Alitazama kioo cha juu, akasubiri, akasema, "Sitaondoka mpaka kila mtu awe ameketi." Hakuwahi kupaza sauti. Basi lilisimama hapohapo, na theluji iwe theluji, mpaka kila kalio liguse kiti. Katika miaka hiyo yote alishinda gerejini na mafundi wa wilaya, akishika tochi, akiuliza maswali, na kidogo kidogo mikono yake ikajua mengi.

Vuli ile alifukuza kuku, akavua bodi, akaiacha chesisi uchi kwenye magogo. Akaikwangua kutu mpaka vidole vikaota sugu, akaipaka rangi nyeusi, akabadilisha bushi zote, akafunga shokapu mpya, akasafisha breki. Injini ilikohoa siku mbili, ya tatu ikakubali. Springi za mbele zilikuwa nzima. Zilizobaki ni springi mbili za nyuma, zile za bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu, fupi chini. Mita alidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi. Bonde zima limejaa Chevrolet za zamani, utakosaje springi?

Akazikosa. Alisahau ni bonde gani. Lori gani hapa lina springi kamili? Kila mwenye lori alishachomoa bapa mbili, tatu, nne ili lilale chini, na bapa zenyewe zilishaanza maisha mapya. Kwa Tafoya mwingine, yule wa juu ya bonde, alionyeshwa bapa iliyogeuzwa kitasa cha zizi. Kwa binamu yake Liborio alikuta nyingine imenolewa kisu cha kuchinjia nguruwe, kisu kizuri kweli, Liborio akataka hata kumkatia nyama amwonyeshe. Mbili zilikuwa zimeshikilia lango la mfereji.

"Hizo ukizitoa," mzee wa mfereji alimwambia, "maji yatafika kwa mama yako kabla ya mtakatifu."

Alizunguka kwa kila mtu isipokuwa Onofre. Onofre alikuwa kompadre wake. Onofre alimsimamia mtoto wa Mita ubatizo, na kwa kawaida ya watu wetu huyo ni zaidi ya ndugu. Lakini tangu siku ya kobe darajani walikuwa wakisalimiana kwa nyusi tu. Mita alisema mbele za watu kwamba lori linalochimba viazi halifai kubeba mtakatifu, na maneno hayo yalifika kwa Onofre yakiwa bado ya moto.

Mwishowe alipiga simu Albuquerque, kwa Delfino, muuza vipuri vya malori ya zamani. Delfino ana sauti ya mtu anayetabasamu.

"Springi za nyuma, Chevrolet hamsini na moja. Na unatokea wapi, dada?"

"La Cuestecita. Bonde la Española."

"Aa, basi. Usiniambie zaidi. Nimekuelewa."

Mita akafurahi kupata mtu anayeelewa upesi. Akashukuru, akalipa, akangoja. Boksi lilifika wiki moja kabla ya sikukuu, zito, likapokelewa na watu wawili. Alilifungua kwa kisu cha jikoni, mama yake akitazama dirishani. Akatoa karatasi, akatoa nailoni, halafu akakaa chini palepale kwenye changarawe.

Springi zilikuwa nzuri, nyeusi, zinang'aa, na zimelala bapa kama ulimi wa ng'ombe. Zilikuwa za kulilaza lori. Juu yake Delfino alikuwa ameweka zawadi, vipande viwili vya chuma vya kulishusha zaidi, na kikaratasi cha kumtakia furaha barabarani.

"Dada, nisamehe," Delfino alisema kwenye simu, na safari hii hakuwa akitabasamu. "Tangu nianze kazi hii hakuna mtu wa bonde lenu aliyewahi kuniomba lori liwe juu. Hata mmoja. Nikadhani umesahau kusema."

"Nyingine zitafika lini?"

"Zinatengenezwa mbali. Juni, labda."

"Sikukuu ni Jumamosi."

"Ngoja. Hukohuko kwenu yuko mzee mmoja ana lori la zambarau. Mwaka jana nilimwona Santa Fe, nikambembeleza aniuzie springi zake za asili. Anazo kamili, amezitunza. Alinikatalia kama nimemwomba figo."

Mita akashusha simu. Kati ya watu wote duniani. Alikunja mikono, akazunguka chesisi mara kadhaa, akaipiga teke moja ya mbao za banda ambayo haikuwa na kosa lolote. Kisha akapiga moyo konde, akapakia boksi la Delfino kwenye gari lake dogo, akaenda.

Onofre alikuwa uani, anang'arisha lori lake kwa kitambaa cha fulana. Kitambi chake kilifika kwenye lori kabla ya mkono.

"Komadre," alisema bila kugeuka, "leo jua limechomozea wapi?"

"Nimekuja kuangalia kama bado linachimba viazi."

"Linasalimia ardhi. Lenye adabu husalimia. La kwako nasikia litasimama kama kuku aliyeona nyoka."

"Litasimama kama litapata miguu, kompadre. Nimeambiwa miguu iko kwako."

Hapo Onofre akageuka. Alimtazama, akalitazama boksi ndani ya gari, na akaelewa yote, maana si mjinga. Akamwongoza hadi karakana. Juu kwenye boriti, zimefungwa kwa magunia yaliyoloweshwa oili, zilikuwa zimelala springi mbili kamili. Wenzake wote walichomoa bapa moja moja. Yeye alishusha springi nzima akafunga nyingine, na za zamani akaziweka.

"Mama yangu alisema ukitoa kitu kwenye kitu usikitupe," alisema. "Kitakulilia."

Mita alinyoosha mkono kugusa gunia. Onofre akauweka wake juu, taratibu.

"Nikikupa hizi, mtakatifu anahama."

"Anahama, kompadre."

"Na mimi siku hiyo nitabeba nini?"

Onofre aliketi kwenye tairi. "Tangu Lugarda wangu anitoke," alisema, "siku hiyo moja tu ndiyo watu wanapanga mstari nyuma yangu. Yeye ndiye aliyeshona ile mahameli. Alijua ni kwa ajili ya mtakatifu. Siku nyingine zote naendesha mpaka kituo cha mafuta narudi."

Mita aliona haya, haya ya kweli, maana yeye na wenzake walimzika Lugarda, na hakuwahi kumuuliza mgane huyu siku zake zinaendaje. "Sijui utabeba nini," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mama ana tisini na moja, na amemnunia mtakatifu mpaka sasa. Naogopa, Onofre."

Kisha Onofre akavuta pua, akasimama, akaenda kwenye gari la Mita kuchungulia boksi. Alipitisha kiganja juu ya zile springi bapa kama anapapasa farasi.

"Hizi ni za Delfino?"

"Mpya. Hazijagusa vumbi. Na vipande viwili vya kushushia, zawadi."

"Za kwangu zinalia kama bawaba," Onofre alisema, akijisemea. "Hizi hazitalia." Akapumua. "Haya. Tubadilishane. Lakini zako nazifunga mimi. Dereva wa basi hajui kukaza senta bolti."

"Nilijua kukaza watoto wako wanne."

"Hao hukuwakaza. Wote wamelegea."

Walifanya kazi siku tatu kwenye banda la matufaha, wakitukanana kwa furaha tangu asubuhi. Onofre alilala chini ya chesisi kitambi juu, akidai spana, na Mita akimpa isiyo yake makusudi. Doña Petra alileta maharage na pilipili nyekundu, akachungulia chini ya lori.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Doña Petra. Onofre."

"Wa daraja?"

"Wa daraja, mama."

"Kula," alisema Doña Petra, "halafu uendelee." Huo ndio ulikuwa msamaha, kwa wanaomjua.

Lori liliposhushwa kutoka kwenye magogo lilisimama juu, matako yameinuka, sawasawa na Mita alivyolikumbuka. Alilia kidogo nyuma ya banda, akajipangusa kwa kitambaa chenye grisi, akarudi amejichora uso. Onofre hakumwambia mpaka jioni.

Jumamosi ikafika na anga safi. Mlangoni pa kanisa wanaume walimpakia Mtakatifu Isidro, kofia yake, ng'ombe wake wawili na malaika mdogo anayemshikia plau, wote kwenye kibao kimoja cha mti, wakamfunga kwa kamba katikati ya lori. Padri akapanda mbele na ndoo ya maji. Watu wakajipanga nyuma kwa miguu, wanakwaya mbele, na nyuma kabisa Onofre kwenye lori lake la zambarau, taratibu, halibebi kitu, halilii hata kidogo.

Mita aliingiza gia. Lori likaondoka vizuri. Likafika kwenye shimo la kwanza la barabara ya udongo, si shimo la kutisha, na likaruka kama mbuzi. Mita alisikia kishindo nyuma. Akapunguza mwendo mpaka wanakwaya wakawa wanamkanyaga, na bado kila kijiwe kililirusha lori juu na kulibwaga chini. Malaika wa plau alikuwa wa kwanza kudondoka. Mama mmoja akamwokota na kumtia mfukoni mwa aproni. Kisha ng'ombe mmoja akaanza kutikisa shingo.

Wakafika darajani. Gurudumu la mbele lilipogusa nundu, kibao cha mtakatifu kikatoa mlio, mlio wa mti mkavu unaotaka kupasuka. Mita akakanyaga breki. Akashuka, akatazama. Ufa mwembamba ulikuwa umeanza miguuni pa mtakatifu. Springi zilikuwa kamili, zimefungwa sawasawa, kila bolti imekazwa. Hakukosea kitu, na bado lori lilikuwa linamvunjavunja mtakatifu wake.

"Labda tumnyunyizie kutoka hapa," padri alisema kwa upole, ndoo mkononi. "Kama kawaida."

Mita alitazama ng'ambo. Kibarazani, Doña Petra alikuwa ameketi na gauni la samawati. Aliliona lori limesimama mahali palepale pa siku zote. Mita angetoa kila kitu alichonacho asiwe ameuona uso ule ukijifunga. Halafu bibi akasimama. Akashika kigari chake cha kutembelea, akaanza kuja darajani, kigari kikigonga mawe, na hakuna aliyethubutu kumkimbilia.

Alipofika alilizunguka lori, akatazama juu, akatazama chini, akasukuma ubavu wa lori kwa kiganja. Halikusogea hata chembe.

"Mmepakia nini humu?"

"Mtakatifu, mama."

"Na nini?"

"Mtakatifu tu."

"Tu," Doña Petra alisema. "Hili ni lori la magunia ya matufaha. Eliseo hakumbeba mtakatifu kwenye lori tupu hata siku moja. Likiwa tupu lingerusha hata kanisa. Pakieni watu."

Mita alisimama na mkono kwenye mlango, na utoto wake wote ukamrudia: yeye na watoto wenzake wamebanana nyuma ya lori la baba, wanawake na rozari zao, wazee kwenye pembe, mtakatifu katikati wakimshika miguu. Siku zote alidhani baba aliwapakia kwa kuwafurahisha. Kumbe aliwapakia kama magunia. Kisha mtakatifu alipohamia kwa Onofre nani angekanyaga mahameli ya Lugarda? Watu wakaanza kutembea nyuma kwa heshima, na baada ya miaka saba wote wakaamini ndivyo ilivyokuwa tangu enzi.

"Baba aliniambia ni zawadi," Mita alisema.

"Ilikuwa zawadi," mama yake alisema. "Na mlikuwa wazito. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Haya, fungua mlango wa mbele, mimi nakaa na padri."

Wakapanda. Wanakwaya walipanda wakicheka na kushikana nguo, Liborio akapanda, mzee wa mfereji akapanda, na kila aliyepanda lori lilishuka kidogo, springi zikaguna na kutulia. Wakamzunguka mtakatifu, mikono kwenye miguu yake, na mwenye malaika akamtoa kwenye aproni akamrudisha kwenye plau. Bado upande mmoja wa nyuma ulikuwa umeinuka.

Onofre alikuwa amesimama kando ya lori lake la zambarau, kofia mkononi, mahali alipogeuzia kila mwaka.

"Kompadre," Mita aliita. "Unangoja nini? Wewe peke yako ni magunia mawili."

"Na lori langu?"

"Liache lisalimie ardhi."

Onofre alifunga mlango wa lori lake kwa uangalifu. Akaja, akavutwa na watu watatu na kusukumwa na wawili, akajibwaga kwenye pembe iliyoinuka. Lori likakaa. Aliinama juu ya ubavu akapima kwa jicho nafasi kati ya tairi na bodi, akaridhika. "Sasa," alisema, "limekaa kama lori la heshima."

Mita akaingia. Upande wake wa kulia alikaa mama yake, aliyebanana na padri na ndoo. Akatazama kioo. Nyuma, nusu ya kijiji walikuwa wamesimama bado, wakipunga mikono, watu wenye wajukuu.

"Sitaondoka mpaka kila mtu awe ameketi," alisema.

Wakaketi wote mara moja. Hata padri, aliyekuwa ameketi tayari, alijisogeza vizuri.

Lori lilipanda nundu polepole na kushuka ng'ambo bila kumtikisa hata ng'ombe. Likapita chini ya miti ya matufaha iliyokuwa inamalizia maua, na padri akainyunyizia maji kwa karibu, mti mmoja mmoja, mpaka ndoo ikaisha wakachota nyingine mferejini. Onofre hakuwa ameketi katikati ya watu namna hii tangu Lugarda afe. Alikaa pembeni mwake na mkono kwenye kwato ya ng'ombe wa mtakatifu, na alipopewa biskuti akala bila kuutoa.

Doña Petra hakushuka. Alitazama kwa kioo cha mbele, mikono kwenye mapaja, mpaka mti wa mwisho. Kisha akamgusa binti yake bega.

"Nenda ndani kamgeuze."

Mita akaenda. Alimshika mtakatifu mdogo mabegani na kumgeuza kutoka ukutani. Mgongo wake ulikuwa umefifia kwa jua la dirishani, lakini uso ulikuwa na rangi mbichi, mashavu mekundu, nyusi nyeusi, kama alichorwa juzi. Akamweka dirishani.

"Anasemaje?" mama yake aliuliza kutoka ndani ya lori.

"Hasemi kitu, mama. Anatazama lori."

"Basi toka hapo dirishani," Doña Petra alisema, "mwache atazame."